Selimundu na swali la nani alikosa

Mafinga, mji wa mbao na ukungu, hauna mbu wengi kama bonde la Kilombero. Hata hivyo selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu unaoenea zaidi penye malaria, hufika huko ndani ya damu ya watu wanaohama kutafuta kazi. Mtoto akizaliwa nayo, lawama humwangukia mama kwanza: laana, mizimu, dhambi ya siri.

Hesabu haimwachi baba nje. Kila mzazi anaweza kubeba nakala moja ya jeni la selimundu akiwa mzima kabisa. Wote wawili wakiibeba, katika kila mimba nafasi ni moja kati ya nne mtoto kurithi zote mbili. Bandama yake huharibika mapema, na bakteria wa kichomi huvamia damu kwa urahisi. Utafiti wa Kilifi, Kenya, wa mwaka 2009 ulikuta uwezekano wa bakteria kuingia kwenye damu ya watoto hawa umeongezeka takriban mara 26.

Ugumu uko hapa. Mwaka 1954 Anthony Allison alionyesha, kwa takwimu za Afrika Mashariki, kwamba nakala moja ya jeni hilo humkinga mtoto na malaria. Mmoja hukingwa, ndugu yake hulipa, na hakuna aliyeulizwa.

Swali la nani alikosa ni la kale: katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi walitaka kujua kama kipofu au wazazi wake ndio waliokosa. Yesu aliwaondolea hatia wote.

Ila uovu wa asili, yaani mateso yasiyoletwa na mtu, hauishii kwenye asili. Jaribio la Marekani la mwaka 1986 lilionyesha kuwa penisilini ya kumeza mara mbili kwa siku hupunguza maambukizi ya bakteria wa kichomi kwa watoto wenye selimundu kwa asilimia 84. Mtoto akiikosa leo, Mungu si wa kwanza kuhojiwa. Bajeti ya dawa inatangulia.