Michel Kayoya na Swali la Urithi wa Maadili

Michel Kayoya, padre, mshairi na mwanafikra wa Burundi, alizaliwa mwaka 1934 huko Kibumbu, katika eneo la Mwaro, na aliuawa Gitega tarehe 17 Mei 1972, kabla hajatimiza miaka arobaini. Aliacha vitabu viwili vilivyompa jina: Sur les traces de mon père, kilichotoka mwaka 1968, na Entre deux mondes, kilichofuata muda mfupi baadaye. Vyote viwili vilichapwa Bujumbura na Presses Lavigerie, kiwanda cha uchapaji cha Mapadre Weupe. Ndani ya vitabu hivyo linapita swali moja ambalo Kayoya hakuliacha: je, maadili hurithiwa? Shamba hurithiwa, ng'ombe hurithiwa, na hata deni hurithiwa. Uadilifu je? Mtu anaweza kuwa mwema kwa sababu tu baba yake alikuwa mwema?

Swali hilo lilimjia kutokana na maisha aliyoyapitia. Alizaliwa wakati Ubelgiji ikiitawala Ruanda-Urundi, baada ya Wajerumani kuondolewa katika Vita Kuu ya Kwanza. Alipita seminari, pamoja na seminari kuu ya Burasira, akalishwa Kilatini, Kifaransa na falsafa ya Thomas Aquinas, kisha akaendelea na masomo Lille, kaskazini mwa Ufaransa. Kijana wa namna hiyo alirudi nyumbani akijua mambo mengi ambayo baba yake hakuyajua, na huku hajui mengi ambayo baba yake aliyajua bila kuyasoma popote. Wakati huohuo nchi ilikuwa ikigeuka kwa kasi. Mwanamfalme Louis Rwagasore aliuawa Usumbura tarehe 13 Oktoba 1961, uhuru ukapatikana tarehe 1 Julai 1962, na ufalme ukafutwa tarehe 28 Novemba 1966. Kitabu cha kwanza cha Kayoya kilipotoka, mwami, yaani mfalme, alikuwa hayupo tena, na Usumbura ilikuwa imekwisha kuitwa Bujumbura. Mambo ambayo mzee angeweza kumwonyesha mwanawe kwa kidole yalikuwa yamepungua sana katika muda wa miaka saba.

Msomaji anayekifungua kitabu hicho akitarajia risala ya falsafa atashangaa. Sentensi ni fupi. Mistari imekatwa kama ya shairi, na kurasa nyingi zina weupe mwingi kuliko wino. Hakuna orodha ya hoja. Kijina cha chini cha kitabu kinawataja vijana wa Burundi, na uandishi wenyewe unawafuata hao: mtu anaweza kusoma ukurasa mmoja akisubiri basi, akaendelea kuufikiri njiani. Miaka 12 kabla yake, mwaka 1956, jirani yake wa Rwanda, Padre Alexis Kagame, alikuwa ametoa kazi nzito juu ya falsafa ya Kibantu, akiichambua sarufi ya Kinyarwanda ili kupata aina za vilivyopo kama Aristotle alivyofanya kwa Wagiriki. Kabla ya Kagame, mwaka 1945, Placide Tempels, mmisionari Mbelgiji aliyefanya kazi Katanga, alikuwa ameandika juu ya Wabantu na nguvu ya uhai. Wote wawili wanazungumzia jamii nzima kwa jumla. Kayoya anasema "baba yangu". Tofauti hiyo ina uzito kuliko inavyoonekana. Jamii nzima inaweza kuelezwa na mtaalamu aliyesimama pembeni, lakini baba hawezi kuelezwa na mwanawe bila mwana huyo kujieleza pia. Kayoya alichagua mahali ambapo mwenye kufikiri hawezi kujificha.

Sehemu kali zaidi ya kitabu ni pale anapokabili ukoloni. Anarudi kwenye Mkutano wa Berlin, uliomalizika mwaka 1885, ambako watu waliokaa mbali waligawana ardhi na wakazi wake bila kumuuliza hata mmoja wao. Wengi wameandika juu ya mkutano huo kwa kuhesabu mipaka na mali. Kayoya anashika jambo jingine: siku kijana anapotambua shuleni, kwa lugha ya mwalimu wake, kwamba wale "waliotawaliwa" wa kwenye somo ni yeye mwenyewe. Tangu hapo anamtazama baba yake kwa macho ya kuazima. Baba hajabadilika, amekaa palepale, anasema yaleyale, lakini maneno yake hayana tena uzito masikioni mwa mwanawe. Hapa ndipo urithi ulipokatika, kwa maoni ya Kayoya. Wazee hawakuacha kufundisha. Vijana ndio waliofundishwa kuona aibu, na mwenye kuona aibu hasikii.

Kwa hiyo njia mbili zilizokuwa wazi kwa kizazi chake hazikumtosha. Ya kwanza ni kuyashika ya zamani yote kama yalivyo, kwa kuwa ni yetu. Ya pili ni kuyatupa, kwa kuwa wakati wake umepita. Zote zinakubaliana kwenye jambo moja ambalo Kayoya analikataa: kwamba maadili ni kitu kilichokamilika, kinachoweza kuwekwa kabatini au kutupwa jalalani. Yeye anazungumza juu ya kugundua maadili. Hapo pana ugumu, maana haionekani mtu awezaje kugundua kitu alichopewa tangu utotoni. Ugumu huo unalegea tukitenganisha tendo na sababu yake. Mtoto wa kilimani hupewa tendo: msalimu mkubwa, mgawie mgeni, usinyoshe mkono wa kwanza kwenye chakula. Sababu hapewi, au hupewa kwa fimbo na methali. Sababu inabaki kutafutwa na mtu mzima, na akiisha kuipata, tendo hilo linakuwa lake kwa mara ya kwanza.

Mfano bora kwa Burundi ni umushingantahe, mzee aliyesimikwa kuamua mashauri ya kilima. Tazama shauri la mpaka wa shamba. Wazee wamekaa chini. Kila upande unasema mpaka umalize, na hakuna anayekatizwa. Kisha mmoja wa wazee anainua intahe, fimbo yake, anaigonga ardhini, anasema. Anaigonga tena, anaendelea. Mtoto anayetazama anaiona fimbo na kuiogopa. Kijana aliyetoka chuoni anaona fimbo hiyohiyo, pamoja na mzee asiyejua kusoma. Mtazamo wa tatu ndio ambao maandishi ya Kayoya yanautafuta: kuona kwamba aliyeishika fimbo alichunguzwa na majirani kwa miaka mingi kabla ya kusimikwa, iwapo anasema kweli, anajizuia na pombe, anatunza siri; kwamba aliapa mbele ya kilima chote, pakanywewa pombe ya pamoja kuwa ushahidi; na kwamba akipotoka, walewale waliomsimika wanaweza kumvua heshima hiyo. Mtoto wa umushingantahe hawi umushingantahe kwa kuzaliwa. Utamaduni wenyewe, kabla ya mwandishi yeyote, ulikuwa umekwisha kuamua kwamba heshima ya namna hii haipiti katika damu.

Hapo Kayoya anaachana na baadhi ya wenzake wa Afrika Mashariki. Mwaka 1967, kwa Azimio la Arusha, Julius Nyerere aliikabidhi dola kazi ya kuulinda urithi wa udugu, akaamini kwamba mipango ya vijiji ingeweza kuujenga upya. Tangu mwaka 1978 Kenya ilisikia wito wa kufuata nyayo, na wito huo ukawa na maana ya kumtii aliye madarakani. Nyayo za Kayoya ni za mtu asiye na askari wala ofisi. Anayezifuata hakuna anayemlazimisha, na anaweza kusimama katikati ya njia akauliza kwa nini mguu huu ulikanyaga hapa na si pale. Uhuru huo ndio unaofanya urithi uwe wa kimaadili. Kutii peke yake hata mwoga anaweza.

Entre deux mondes kinaendeleza mjadala kwenye suala la maendeleo, kikiuliza mtu anayetoka katika dunia moja kwenda nyingine anabeba nini. Ni kitabu chenye maswali makubwa kuliko nafasi yake, na hoja zake dhidi ya fikra za kuhesabu mali peke yake zinapita haraka. Lakini kinaziba pengo la kile cha kwanza: kinaonyesha kwamba baba naye hakuwa na majibu ya kila kitu, na kwamba tatizo la shamba lisilotosha watoto wote halitatuliwi na busara za jana.

Udhaifu mkubwa zaidi uko kwingine. Katika utaratibu wa zamani Watwa hawakusimikwa, na mwanamke aliheshimiwa kupitia mume wake. Anayerithi maadili ya baba anarithi pia mlango ambao baba huyo aliufunga, na Kayoya hakukaa hapo kwa muda wa kutosha. Vilevile aliandika Kifaransa, akichanganya maneno ya Kirundi. Katika Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na ya nyumbani, wengi hawakuwa na njia ya kumsoma. Tafsiri ya Kiingereza ya kitabu cha kwanza ilitoka Nairobi mwaka 1973, kwa East African Publishing House, naye alikuwa amekwisha kufa.

Tarehe 29 Aprili 1972 uasi wa Wahutu ulizuka kusini mwa nchi, pande za Rumonge na Nyanza-Lac, na watu wengi wakauawa. Serikali ya Rais Michel Micombero ilijibu kwa kuwakamata na kuwaua Wahutu nchi nzima, ikianza na waliosoma: walimu, wanafunzi, makarani, mapadre. Makadirio ya waliokufa ni kati ya laki moja na laki tatu. Kayoya, Mhutu aliyesoma, alikuwa miongoni mwao, na alitupwa katika kaburi la halaiki karibu na mto Ruvubu. Waumini wanasimulia kwamba alikwenda akiimba.

Baada ya hapo swali lake liligeuka. Watoto wengi wa Burundi walibaki bila baba, na kwa miaka mingi kumtaja baba huyo hadharani kulikuwa hatari. Walirithi nini hao, ambao hawakuweza hata kuuliza alizikwa wapi? Mtu anayeona urithi kama kushika ya zamani hana la kuwaambia, kwa kuwa hawana cha kushika. Kayoya analo. Ikiwa maadili hutafutwa na kila anayeyataka, basi mtoto wa mwaka 1972 aliweza kuyatafuta kwa mama, kwa jirani, hata kwa jirani wa kabila aliloambiwa kuwa ni adui. Fikra iliyoandikwa kwa ajili ya wana waliowaonea baba zao aibu iliwafaa zaidi wana walionyang'anywa baba zao. Mwaka 2019 Kanisa Katoliki la Burundi lilifungua mchakato wa kumtangaza mwenye heri, pamoja na wamisionari watatu wa Italia waliouawa Buyengero mwaka 1995 na waseminari 40 wa Buta waliouawa tarehe 30 Aprili 1997 baada ya kukataa kutengana, Wahutu huku na Watutsi kule.

Ubushingantahe, yaani utaratibu wa wazee hao waliosimikwa, nao ulirudi mezani. Padre Adrien Ntabona aliutolea kitabu mwaka 1999, na Mkataba wa amani wa Burundi uliotiwa saini Arusha Agosti 2000 ukataka uhuishwe. Sheria za komine zilizofuata zilielekeza mamlaka kwa wajumbe waliochaguliwa, kisha sheria ya Januari 2021 ikaunda baraza la wazee wenye busara katika kila kilima, nalo likapatikana kwa kura mwaka 2022. Kwa kipimo cha Kayoya, kura inaweza kumpata mtu aliyekwisha kuchunguzwa na majirani zake. Kazi ya kumchunguza haiwezi kuifanya kwa siku moja. Hata hivyo kura hiyo ilifungua mlango ambao nyayo za baba hazikuupitia: mwanamke aliruhusiwa kugombea kwa jina lake mwenyewe.