Je, Ni Haki Kupiga Simu Ndani ya Ndege Ndogo?



Huenda wengine wetu wataliona jambo hili kuwa dogo. Abiria ameketi katika ndege ndogo, nyuma tu ya rubani, naye anatoa simu yake ya mkononi ili awasalimu watu wa nyumbani. Je, ametenda kosa gani?

Mara nyingi hakuna linalotokea. Ndege hutua salama, naye husema, "Mmeona? Tulitishwa bure." Lakini huko Marekani simu hizi zimekatazwa angani tangu 1991, na sababu kubwa ya katazo hilo ilikuwa watu walio chini: simu iliyo juu hufikia minara mingi kwa wakati mmoja, ikavuruga mawasiliano yao. Basi anayeudhika ni jirani asiyeonekana.

Tena tukumbuke yaliyotokea New Zealand tarehe 6 Juni 2003. Ndege ndogo yenye watu 10 ilikuwa ikishuka Christchurch, usiku, katika ukungu. Ilianguka kabla ya kufika uwanjani, wakafa watu 8, rubani akiwa mmoja wao. Wachunguzi walikuta kwamba simu ya rubani mwenyewe ilikuwa imeunganishwa katika dakika za mwisho. Hawakusema kwa hakika kwamba ndiyo iliyoleta msiba. Walisema huenda ilipotosha chombo kinachomwonyesha rubani njia ya kushukia.

Neno hilo "huenda" ndilo tulitafakari. Mtu akijihatarisha peke yake, tutasema ni shauri lake. Lakini ndani ya ndege hakuna aliye peke yake. Asemaye "huenda hakuna dhara" anaweka rehani uhai wa wenzake, nao hawakuulizwa. Shamba la mtu hatuliweki rehani bila idhini yake, sembuse uhai wake?

Hatusemi kwamba simu ni kitu kiovu. Redio ya ndege ikiharibika, simu hiyo hiyo yaweza kuwasaidia wote, na rubani akiagiza itumike, na itumike. Hapo inatumika kwa ajili ya wote. Kule wote wanatiwa mashakani kwa ajili ya salamu za mmoja.

Basi tupandapo ndege ndogo, iwe ya kwenda Mafia au kwingineko, tuizime simu kabla ya kuambiwa. Salamu zaweza kungoja mpaka tutue.