Ini la Mjomba

Mjomba wangu ni fundi cherehani Singida mjini. Mwaka juzi alianza kukonda, akawa anachoka kabla hata ya chai ya saa nne. Vipimo vya damu vikaonyesha vimeng'enya vya ini vimepanda. Homa ya ini B na C hazikuonekana. Ukoo ukatoa hukumu siku hiyohiyo: pombe.

Akaapa kwamba hajaonja pombe tangu aoe. Mama akaniambia kwenye simu, "Ini halisemi uongo." Mimi ninayesoma shahada ya uzamili ya falsafa, niliyejaza kurasa kuhusu haki, nilikubali. Nikaacha kumpigia.

Daktari mmoja Dar es Salaam ndiye aliyemwuliza swali ambalo sisi hatukuuliza: unakula nini? Chapati asubuhi, maandazi saa nne, mkate jioni. Akampima kingamwili, kisha akachukua kinyama kidogo cha utumbo mwembamba. Ukapatikana ugonjwa wa siliaki. Mwili wake ukikutana na gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, kinga yake huushambulia utumbo wenyewe. Kwa baadhi ya watu wazima ini nalo huumia, na pengine ndilo linalotangulia kulalamika. Tiba ni kuacha gluteni maisha yote. Daktari Mholanzi, Willem Dicke, aliishaitambua hatia ya ngano miaka ya 1940.

Mjomba akarudi kwenye ugali wa mtama na uwele, chakula ambacho wengi wetu tulikulia nacho, kisha tukaanza kukionea aibu mbele ya wageni. Unga wake husagwa kwenye mashine isiyosaga ngano. Baada ya miezi kumi vimeng'enya vilishuka.

Nilifurahi, kisha furaha ile ikanitisha. Nilifurahi kwa sababu Mjomba hana hatia. Je, angekuwa mlevi kweli? Uchovu ungekuwa uleule, na hofu ya usiku ileile. Huruma yangu nilikuwa nimeiweka rehani, nikisubiri karatasi ya maabara iikomboe.

Wapo watakaosema kwamba anayejiletea maradhi lazima awajibike. Sikatai, ulevi umeumiza watoto wengi. Lakini mtu huwajibishwa na walio karibu naye, wanaomjulia hali na kumsikiliza. Sisi tulimkata maini kwa maneno, kisha tukakaa mbali na kuuita umbali huo maadili.

Likizo iliyopita alinikaribisha kwa kuku wa kienyeji na ugali wa mtama. Nilikuwa nimejiandaa kusema, "Nisamehe Mjomba, nilidhani unakunywa." Maneno yakanikwama. Kuomba radhi hivyo kungemaanisha kwamba kosa langu lilikuwa kukisia vibaya tu, na kwamba ningekisia sawasawa, kimya changu kingekuwa halali.

Nikasema, "Nisamehe Mjomba. Uliumwa, nami sikukupigia."

Akanisogezea bakuli la mchuzi. "Kula, mwanangu," akasema. "Unapoa."