Kambo hataki kuhama

Kwetu Lubumbashi, kambo akizeeka na kukataa kuhama parsele yake, jamaa inamutafutia mujukuu wa kukaa naye: kumuchotea maji, kumupikia bukari, kulala karibu naye usiku. Desturi hii tunaipenda. Muzee habaki peke yake, na siku yake ikifika anafia mu chumba chake mwenyewe.

Lakini tuulizane: nani alimuuliza mutoto? Mara nyingi ni binti wa miaka 10 ao 11, tena wa yule ndugu asiye na makuta. Tunasema anajifunza heshima. Kweli, anajifunza mengi. Lakini kambo akigonjwa sana, masomo yanakatika. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 49, inawapa wazee haki ya kulindwa. Kifungu cha 43 kinasema masomo ya msingi ni ya lazima. Je, haki ya kambo ilipwe na masomo ya mutoto?

Basi jamaa ikikutana isigawanye watoto tu, igawanye na gharama. Walio mbali, Kolwezi ao Ubelgiji, walipe mama mumoja wa jirani kwa kazi ya muchana, mutoto arudi jioni toka masomoni. Na kambo naye aketi mu mukutano huo (wengi wanasahau kumwita!), aseme mwenyewe anataka kuoshwa na nani.