Usingizi wa Adamu

Somo: Mwanzo 2:18–25



Tukisoma habari ya kuumbwa kwa Hawa twakimbilia harusi, na sisi makasisi ndio wa kwanza. Leo tusimame kwenye aya ya 21. Kabla ya kuutwaa ubavu wa Adamu, Bwana Mungu alimtia usingizi mzito, na baadaye akapafunika mahali pale kwa nyama. Mwaka 1847 James Young Simpson, daktari wa Edinburgh aliyewapa klorofomu akina mama wanaojifungua, aliambiwa kwamba kuondoa uchungu ni kumpinga Mungu. Alijibu kwa aya hiyo hiyo.

Nalitaka neno hili kwa ajili ya vijana wanaopasuliwa kifua. Wako watoto ambao mfupa wa katikati ya kifua umeingia ndani kama bakuli. Wakifikia ujana shimo huzidi, na wengine hushindwa kupumua vema wakikimbia. Mwaka 1987 Daktari Donald Nuss, huko Norfolk, Virginia, Marekani, alianza kukinyosha kifua cha namna hii pasipo kukata mbavu. Chuma kilichopindwa hupitishwa ubavu hata ubavu, kikauinua ule mfupa, kikakaa humo miaka miwili au mitatu, kisha hutolewa. Vidonda vya nje ni vidogo, lakini maumivu yake ni makali, maana kifua kizima kimesukumwa kwa saa moja.

Hapo wengi humwambia kijana: Vumilia, wewe mwanamume. Kana kwamba yuko jandoni! Naye kwa kuogopa aibu hukataa dawa, akapumua juu juu. Asiyevuta pumzi ndefu wala kukohoa, makohozi hutuama mapafuni, na homa ya mapafu huweza kumshika. Dawa ya maumivu si kudekezwa. Anapewa ili apumue, akohoe, ainuke kitandani mapema. Siku hizi hospitali nyingine huigandisha mishipa ya fahamu ya mbavu kwa baridi kali wakati wa upasuaji, na kifua hufa ganzi kwa miezi kadhaa mpaka mishipa iote tena. Wengi waliofanyiwa hivyo wamerudi kwao mapema, na mofini wameitumia kidogo.

Mtu ataniuliza: Je, Bwana wetu hakuikataa divai iliyotiwa manemane pale Golgotha? Aliikataa, nacho kilikuwa kikombe chake mwenyewe. Lakini yule Msamaria wa mfano wake hakumhubiria majeruhi uvumilivu. Alimtia mafuta na divai, akamfunga jeraha. Alichojinyima Bwana, hakuwanyima wengine.

Basi mama, kijana akirudi nyumbani mpe dawa kwa saa zilizoandikwa, usingoje mpaka alie. Alale chali, atembee kila siku. Asibebe ndoo ya maji wala mfuko wa vitabu, asijipinde kiuno, wala asirudie mpira, mpaka daktari aseme. Akitaka kukohoa akumbatie mto kifuani. Pumzi ikimpungukia ghafla, au akishikwa na homa, au kidonda kikitoa usaha, apelekwe hospitali siku ile ile. Maombi tutayafanya njiani. Nanyi vijana wa kwaya mtakaokwenda kumtazama, msimchekeshe mno majuma ya kwanza. Kucheka nako kunauma.