Shahidi wa Maumivu

Jeraha hujisemea lenyewe. Mfupa uliovunjika huonekana katika eksirei, na homa husomwa katika kipimo. Mwenye haya haitwi mwongo. Lakini yako maumivu yasiyo na shahidi ila yule aumwaye, na faibromialjia ni katika hayo. Mwili huuma kila upande kwa miezi na miaka, usingizi haumpumzishi mtu, fikira huwa nzito, na damu ikipimwa haionyeshi kasoro ya kuyaeleza hayo. Kanuni ya matabibu wa Marekani ya mwaka 1990 ilitaka mgonjwa wa maumivu hayo abonyezwe mahali 18 mwilini, na akiumia mahali 11 au zaidi ugonjwa uthibiti. Kanuni ya mwaka 2010 haikuhitaji kumbonyeza. Mgonjwa aliulizwa anaumwa wapi na kwa kadiri gani, na maneno yake yakawa ndiyo kipimo.

Wengi wanaotambuliwa kuwa na ugonjwa huu ni wanawake, na si wachache kati yao waliokwisha kuambiwa kwamba wanadeka. Dhuluma hiyo ni ya namna ya pekee, maana humnyang'anya mtu ushahidi pekee alio nao.

Kwa mtu kama huyo huja habari za ketamini. Dawa hii ilitengenezwa Marekani mwaka 1962, ikajaribiwa kwanza kwa wafungwa wa Michigan mwaka 1964 (jambo linalostahili insha yake lenyewe), ikaruhusiwa huko mwaka 1970. Katika hospitali za wilaya za Afrika ya Mashariki si ngeni. Ni nusukaputi ambayo kwa kawaida humwacha mgonjwa akipumua mwenyewe, kwa hiyo hufaa sana mahali ambapo mashine za chumba cha upasuaji ni haba. Hapana sababu ya kuipaka matope. Lakini katika faibromialjia huombwa kazi nyingine: hutiwa kidogo kidogo mshipani ili izibe milango ya neva idhaniwayo kuyakuza maumivu.

Mwaka 2011 matabibu wa Leiden, Uholanzi, walitangaza matokeo ya jaribio la wagonjwa 24. Baadhi yao walitiwa ketamini kwa nusu saa. Wengine walitiwa midazolamu, dawa nyingine ya kulegeza fahamu, ili isiwe rahisi mtu kutambua alichopewa. Ketamini ilileta nafuu mara baada ya kutiwa. Yalipotimia majuma manane, haikuonekana tofauti ya maana baina ya makundi mawili. Jaribio dogo la dripu moja halimalizi shauri. Hata hivyo, mwongozo uliotolewa mwaka 2018 na vyama vya matabibu wa maumivu na wa nusukaputi wa Marekani uliuhesabu ushahidi wa ketamini kwa faibromialjia kuwa dhaifu.

Je, tabibu amwaminiye mgonjwa yampasa kumpa dawa hiyo? Wako wasemao kwamba mwenye mateso ndiye mwenye haki ya kuamua, na kwamba saa chache za nafuu si kitu kidogo kwa mtu asiyepata hata moja. Hoja hii ina nguvu, na aidharauye huenda hajapata kukesha kwa maumivu. Nafuu ya saa tatu ni nafuu. Lakini na iitwe nafuu ya saa tatu. Mgonjwa asemapo, "Naumwa," yeye ni shahidi kamili, wala hapana mahakama ya kukata rufani. Asemapo, "Dawa hii itaniponya," ushahidi si wake tena. Ni wa muda na wa kulinganisha. Aliyekanushwa miaka mingi katika neno la kwanza husikia shaka juu ya neno la pili kama kwamba anakanushwa tena, na hapo ndipo mwuza tumaini hupata mlango. Humwambia, "Nakuamini," kisha humpa hati ya malipo. Mgonjwa hununua imani aliyokuwa akiidai kwa haki.

Tena dawa yenyewe ina ajabu yake. Humtenga mtu na mwili wake kwa kitambo, kana kwamba shahidi ametolewa nje ya mahakama. Akirudi akasema hakuumwa, asadikiwe, maana maumivu yasiyosikika si maumivu. Ila kutolewa kwake kuna gharama: shinikizo la damu hupanda, njozi za kutisha huweza kumjia, na matumizi mengi ya kurudiarudia huweza kuharibu kibofu na kumfanya mtu mtumwa wa dawa.

Mwongozo wa matabibu wa Ulaya uliotangazwa mwaka 2016 ulipendekeza kwa nguvu kitu kimoja tu, nacho ni mazoezi ya viungo. Shauri hilo halina fahari, na likitolewa kwa haraka mlangoni hufanana sana na lile tusi la kale la kudeka. Tabibu aliyekwisha kuketi akamsikiliza mgonjwa mpaka mwisho huweza kulitoa bila ya kumtukana, na huweza pia kumwambia habari za ketamini kama zilivyo, pamoja na saa zake, bei yake na madhara yake.