Dau la Mwisho
Katika poka, karata ya tano ya mezani ikishafunuliwa, hakuna nyingine ya kungojewa. Mchezaji aweke dau au apishe? Kuamini kuwa karata zake ni bora hakutoshi: iwapo wanyonge watajitoa na aliyemzidi peke yake ndiye atakayeliitika dau, kupisha ndiyo busara.

Huko Ruwi, Maskati, sheria inakataza kamari, ila swali hilo halikatazwi. Wazee waliohama Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964 wanalo: wawasimulie wajukuu yaliyotokea, au wanyamaze? Hapa hesabu hugeuka. Mezani, wote wakipisha, karata hufunuliwa na ukweli ukajulikana. Mzee akipisha, huzikwa na karata zake.